Korongo-Nyangumi wa Malagarasi na Miti ya Tabora

Mwanafunzi wa Tabora akiombwa ataje mnyama adimu wa sehemu zake, huenda akamtaja chui, mbwa mwitu au palahala. Ni wachache watakaomtaja ndege mmoja mrefu wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo mkubwa kama kiatu cha mbao, aishiye katika mafunjo ya Mto Malagarasi na vijito vyake. Ndege huyo huitwa korongo-nyangumi. Katika ulimwengu mzima wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu, na Tanzania ni mojawapo ya nchi chache zilizobahatika kuwa naye. Nchi nyingine ni Sudan Kusini, Uganda, Kongo, Rwanda na Zambia.

Mara nyingi tunaposoma habari za kumhifadhi ndege wa majini, tunaelezwa juu ya kuwazuia wawindaji na kulinda kinamasi anamoishi. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini makala haya yanakusudia kuonyesha jambo la pili ambalo husahauliwa kwa urahisi: kwamba maji ya kinamasi cha Malagarasi hutoka mbali, katika misitu ya miombo ya Unyamwezi na nchi za jirani, na kwamba hali ya misitu hiyo ndiyo itakayoamua kama ndege huyu ataendelea kupata mahali pa kujenga kiota chake. Kwa hiyo mwenye shamba Urambo, mfuga nyuki wa Sikonge na mwanafunzi wa sekondari mjini Tabora wote wana sehemu yao katika jambo hili, hata kama hawajamwona ndege huyu kwa macho.

NDEGE MWENYEWE

Jina la kisayansi la ndege huyu ni Balaeniceps rex. Neno la kwanza maana yake ni "kichwa cha nyangumi", na la pili ni "mfalme". Aliingizwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1850 na John Gould, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, kutokana na ngozi zilizoletwa na msafiri Mansfield Parkyns kutoka sehemu za Mto Naili Mweupe. Waarabu wa Sudan walikuwa wakimfahamu kabla ya hapo, nao walimwita Abu Markub, yaani baba wa kiatu.

Akisimama, korongo-nyangumi hufikia kimo cha mita 1.1 hadi 1.4. Mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita 2.3 kutoka ncha hata ncha, na uzito wake ni kilo 4 hadi 7. Mdomo una urefu wa sentimita 20 hivi, nao ni mpana, wenye kingo kali na ncha iliyopinda kama ndoana. Vidole vyake ni virefu sana, na humwezesha kusimama juu ya majani yaeleayo bila ya kuzama.

Ingawa tunamwita korongo, ukoo wake uliwatatiza wataalamu kwa muda mrefu. Wengine walimweka pamoja na makorongo, wengine pamoja na jamii ya yangeyange. Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba jamaa zake wa karibu ni mwari na fundichuma. Hata hivyo yeye yu peke yake katika familia yake. Hakuna ndege mwingine wa aina hiyo duniani. Akitoweka, familia nzima itakuwa imetoweka.

MAISHA KATIKA MAFUNJO

Kwa nini ndege huyu apende kinamasi kizito chenye mafunjo na matete, ambamo hata mtumbwi hupita kwa shida? Jibu liko katika kemia ya maji. Mimea mingi ikifa na kuoza ndani ya maji yaliyotulia, vijidudu vinavyoiozesha hutumia oksijeni iliyomo. Maji ya aina hiyo huwa na oksijeni kidogo, na samaki wakaao humo hulazimika kupanda juu mara kwa mara ili kuvuta hewa. Kamongo, ambaye ana mapafu, hufanya hivyo. Kambare naye, ambaye ana kiungo cha pekee cha kuvutia hewa karibu na matamvua yake, hufanya hivyo pia.

Korongo-nyangumi amejifunza kuitumia nafasi hiyo. Husimama kimya penye uwazi katikati ya mafunjo, pengine kwa saa nzima, akiangalia maji. Samaki ajapo juu kuvuta hewa, ndege hujirusha kwa mwili wake wote, kichwa mbele na mabawa wazi, akamkamata pamoja na fungu la majani. Baadaye huyatema majani na kummeza samaki. Chakula chake hasa ni kamongo na kambare, lakini pia hula nyoka wa majini, vyura na hata watoto wa mamba.

Ndege hawa hawaishi makundi makundi. Kila jozi huhitaji eneo lake, na hujenga kiota juu ya rundo la mimea inayoelea au kwenye kisiwa kidogo cha mafunjo. Jike hutaga mayai 1 hadi 3, aghalabu 2, na wazazi wote wawili huyalalia kwa zamu muda wa siku 30 hivi. Jua liwapo kali, mzazi huchota maji kwa mdomo wake na kuyamwagia mayai au makinda ili yapoe. Kwa kawaida ni kinda mmoja tu anayekua. Mdogo hushindwa kugombea chakula na hufa. Huyo aliyebaki huchukua zaidi ya miezi 3 kabla ya kuweza kuruka, na miaka 3 au 4 kabla ya kuzaa.

Msomaji na afanye hesabu nyepesi. Jozi 10 za korongo-nyangumi, hata mambo yakiwaendea vizuri, haziwezi kukuza makinda zaidi ya 10 hivi kwa mwaka. Kuku huweza kuziba pengo la hasara kwa msimu mmoja. Ndege huyu hawezi.

Sasa tufikie jambo lililo muhimu kuliko yote kwa makala haya. Ndege huyu huanza kutaga wakati maji yanaposhuka baada ya masika, na kulea makinda wake wakati wa kiangazi. Anahitaji maji yashuke polepole. Yakipanda kwa ghafla, kiota huzama. Yakikauka mapema mno, kinamasi hupitika kwa miguu, na moto, mbwa, mifugo na watu huweza kukifikia kiota kabla kinda hajaota manyoya ya kurukia. Uhai wake umefungwa na mwenendo wa mto.

MAJI HUTOKA WAPI?

Mto Malagarasi huanzia katika nchi ya mpakani na Burundi. Huelekea kwanza kaskazini mashariki, kisha hugeuka na kushuka kusini, halafu hukata magharibi hadi Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma. Urefu wake ni kilomita 475 hivi. Katika uwanda ulio karibu tambarare, mto huu hukutana na Moyowosi kutoka kaskazini na Igombe kutoka mashariki, nayo maji yakishindwa kwenda haraka husambaa na kufanya kinamasi kikubwa chenye maziwa madogo kama Nyamagoma na Sagara. Mto Ugalla huleta maji ya kusini, kutoka pande za Sikonge na Mpanda.

Wenyeji wa mji wa Tabora wanaufahamu Igombe kwa sababu nyingine. Bwawa la Igombe, lililoko kaskazini ya mji, ndilo lililowapa maji ya kunywa kwa miaka mingi kabla maji ya Ziwa Viktoria hayajafikishwa huko. Mvua inayonyesha katika nchi ya Tabora ndiyo hiyo hiyo inayoteremka magharibi kuelekea kwenye mafunjo.

Tabora hupata mvua kiasi cha milimita 900 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Miezi mingine ni mikavu. Mto wowote katika nchi ya namna hiyo ungepaswa kufurika kwa miezi michache na kukauka iliyobaki. Kinachopunguza ukali wa mabadiliko hayo ni ardhi yenyewe pamoja na mimea iliyo juu yake.

Msitu wa miombo umepata jina lake kutokana na mti wa myombo. Pamoja na myombo kuna mtundu, muba, mninga na mkurungu. Miti hii hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na huchipua majani mapya mekundu mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha, kwa kutumia maji yaliyohifadhiwa ndani ya ardhi. Matone ya mvua yaangukapo juu ya msitu, kwanza hupigwa na majani, kisha huanguka juu ya takataka za majani makavu, kisha huingia katika udongo uliotobolewa na mizizi na mchwa. Maji hayo hutembea polepole chini ya ardhi hadi kwenye mbuga, yaani yale mabonde mapana ya udongo mweusi na nyasi, na kutoka mbugani hutiririka kidogo kidogo kwenda mtoni.

Mahali palipofyekwa na kuachwa wazi, tone la mvua hupiga udongo moja kwa moja. Chembe ndogo ndogo za udongo huziba matundu ya juu, na maji badala ya kuingia chini hukimbia juu ya ardhi yakiuchukua udongo.

Hapa yafaa tuseme kwa uangalifu. Miti nayo hunywa maji, na msitu ukikatwa jumla ya maji yanayofika mtoni kwa mwaka huenda hata ikaongezeka. Kwa hiyo si sawa kudai kwamba kila mti unaoanguka hupunguza maji ya mto. Kinachobadilika ni wakati na usafi wa maji. Huja mengi kwa mpigo wakati wa masika, yakiwa na tope, na hubaki machache wakati wa kiangazi. Tope likifika uwandani, ambako mto hauna nguvu tena, hutua chini na kujaza mikondo na maziwa madogo. Na mabadiliko hayo hasa, ya mafuriko ya ghafla na ukavu wa mapema, ndiyo tuliyoona kuwa humwangamiza korongo-nyangumi kiotani.

NJIA YA MISAFARA

Pengine msomaji atauliza: je, misitu hii haikutumiwa na watu zamani? Ilitumiwa sana. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora, mji uliokuwa ukiitwa Kazeh na wasafiri wa kwanza wa Ulaya. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857, wakavuka Malagarasi Februari 1858. Stanley aliuvuka mto huo Novemba 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Kila msafara ulilazimika kulipa hongo ya nguo na shanga kwa wakuu wa nchi, na juu ya hiyo ujira wa mitumbwi kwa Wavinza wenye kivuko. Wakati wa kuvuka, punda mmoja wa Stanley alikamatwa na mamba. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na bidhaa kurudi bara, walikata miti ya kambi na kuni za kupikia katika safari zote hizo.

Karibu na mto huo, huko Uvinza, chumvi imekuwa ikitengenezwa tangu karne ya 5 au ya 6 kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi juu ya moto wa kuni. Watu walitoka nchi nyingi kuja kuichemsha, na chumvi ya Uvinza iliuzwa mbali. Kuni zilizochomwa huko kwa zaidi ya miaka elfu haziwezi kuhesabika.

Hata hivyo msitu uliendelea kuwapo. Watu walikuja Uvinza wakati wa kiangazi, wakarudi kwao kulima. Misafara ilipita na kuondoka. Visiki vya miombo vina tabia ya kuchipua tena, na vikiachwa makumi ya miaka bila ya jembe wala moto mkali, msitu hurudi. Matumizi ya zamani yaliuachia msitu nafasi ya kupumzika.

Jambo jingine lililoulinda msitu ni mbung'o. Mdudu huyu hueneza ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka katika vijiji vilivyotawanyika porini na kuwakusanya katika makazi makubwa ili kuzuia malale. Watu hao walipata taabu ya kuacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Nchi waliyoiacha ikarudi kuwa pori, na sehemu zake baadaye zikatengwa kuwa mapori ya akiba. Mapori ya Moyowosi na Ugalla yana historia ya namna hiyo.

TUMBAKU, NG'OMBE NA MOTO

Mambo yalianza kubadilika katikati ya karne ya 20. Mwaka 1947 Urambo ilichaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea kuwa mahali pa mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga. Matrekta yaling'oa miti katika maeneo makubwa, na mwaka 1951 mpango huo ukaachwa kwa kuwa ulishindwa. Baada yake ilikuja tumbaku, ambayo ilistawi katika udongo wa kichanga wa Tabora, na mkoa ukawa mzalishaji mkubwa wa zao hilo nchini.

Tumbaku ya mvuke haiuzwi ikiwa mbichi. Majani hutundikwa katika bani na kukaushwa kwa joto la moto wa kuni kwa siku kadhaa mfululizo, usiku na mchana. Kuni hizo kwa kawaida zimetoka katika msitu wa asili. Juu ya hayo, miti hukatwa kwa kujengea mabani, na mashamba mapya hufyekwa udongo wa zamani uchokapo. Hapa msitu haupati tena ile nafasi ya kupumzika tuliyoitaja.

Si haki kumlaumu mkulima peke yake. Tumbaku imelipa karo za wanafunzi wengi wa Tabora, na baadhi ya wasomaji wa makala haya huenda ni miongoni mwao. Swali linalostahili kuulizwa ni jinsi zao hilo linavyoweza kukaushwa bila ya kuumaliza msitu ambao mkulima mwenyewe anautegemea kwa mvua, asali, dawa na mbao.

Wafugaji nao wamehamia magharibi na mifugo yao, hasa kutoka nchi za Usukuma ambako malisho yamepungua. Msitu ukifyekwa, mbung'o hukosa kivuli na kupungua, na ng'ombe huweza kuingia mahali ambapo zamani wangekufa. Wakati wa kiangazi majani mabichi hubaki kandokando ya kinamasi tu, na huko ndiko mifugo huelekea. Mbuga nyingine zimegeuzwa kuwa mashamba ya mpunga.

Moto ni tatizo linaloungana na hayo yote. Moto uwashwao mapema, mwezi wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, huwa hafifu na haudhuru sana miti. Moto wa Septemba na Oktoba ni mkali, huua machipukizi, na ukifika kwenye mafunjo yaliyokauka huweza kuteketeza kiota pamoja na kinda asiyeweza kuruka.

HATARI ILIYO NDANI YA KINAMASI

Ndani ya kinamasi chenyewe kuna hatari nyingine. Wavuvi huhitaji samaki wale wale wanaomlisha ndege huyu. Mtumbwi ukipita karibu na kiota mara kwa mara, mzazi huruka, na mayai yakiachwa juani huharibika. Tena, kwa kuwa ndege huyu ni wa ajabu, makinda wamewahi kukamatwa na kuuzwa kwa bustani za wanyama za ng'ambo.

Huenda mtu akafikiri kwamba bustani hizo zinaweza kumwokoa ndege huyu kwa kumzalisha. Uzoefu hauonyeshi hivyo. Katika miaka mingi ya kufugwa, ni mara chache mno ambapo kinda ameanguliwa akiwa kifungoni: mmojawapo ni wa Ubelgiji mwaka 2008, na mwingine wa Florida, Marekani, mwaka 2009. Hakuna ghala mahali pengine la kurudishia ndege hawa wakitoweka kinamasini.

HATUA ZILIZOCHUKULIWA

Tarehe 2 Februari 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, mataifa yalifanya mkataba wa kulinda ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 2000, na eneo la kwanza iliyoliandikisha lilikuwa Malagarasi-Muyovozi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 32,500. Eneo hilo ni kubwa kuliko Rwanda nzima, na ndani yake mna misitu mingi ya miombo pamoja na kinamasi. Waliochora mipaka hiyo walikwisha kufahamu kwamba maji na msitu haviwezi kutenganishwa.

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini humhesabu korongo-nyangumi miongoni mwa viumbe ambavyo biashara yake hudhibitiwa kwa vibali. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mwaka 2019 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wamechunguza viota vya ndege huyu katika Malagarasi na kuchapisha matokeo yao katika majarida ya sayansi.

Sheria na mipaka ni mwanzo mwema, lakini eneo kubwa kama hilo haliwezi kulindwa na askari peke yao. Linahitaji watu ambao maisha yao yatanufaika kwa kuwapo kwa msitu.

YANAYOWEZA KUFANYWA

Kwanza ni tumbaku. Mabani yaliyojengwa kwa ufundi bora, yenye tanuri linaloshika joto na mabomba yasiyovuja moshi, hutumia kuni chache kuliko mabani ya zamani kwa kiasi kile kile cha tumbaku. Pamoja na hayo, kila mkulima anapaswa kupanda miti yake ya kuni. Mijohoro hukua haraka na huchipua ikikatwa. Mikaratusi pia hukua haraka, lakini haifai kupandwa karibu na chemchemi na mbuga, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Pili ni asali. Tabora imejulikana kwa asali na nta tangu zamani, na maua ya mtundu na muba ndiyo yanayowalisha nyuki wake. Mfuga nyuki ni mtu mwenye sababu ya kutotaka mti ukatwe. Kasoro moja yafaa irekebishwe: mizinga ya magome hutengenezwa kwa kubandua gome la mti mzima, na mti huo hufa. Mizinga ya masanduku hudumu miaka mingi, na mti mmoja uliopasuliwa mbao hutoa mizinga kadhaa.

Tatu ni kuurudishia msitu muda wa kupumzika. Wasukuma na Wanyamwezi wana desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho na kuifunga ili nyasi na miti vistawi, kisha kuifungua wakati wa shida. Huko Shinyanga, ambako ardhi ilikuwa imebaki karibu tupu, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 uliifufua desturi hiyo, na miti ikarudi katika maelfu mengi ya hekta, mara nyingi kwa kuchipua yenyewe kutoka katika visiki na mizizi. Ikiwa jambo hilo limewezekana Shinyanga, penye mvua chache zaidi, Tabora haikosi uwezo.

Nne ni wavuvi. Katika kinamasi cha Bangweulu nchini Zambia, wavuvi wa vijijini huajiriwa kulinda viota vya korongo-nyangumi mpaka makinda waruke. Katika kinamasi cha Mabamba nchini Uganda, wavuvi huwapeleka wageni kwa mitumbwi kumtazama ndege huyu na kulipwa. Malagarasi ni mbali na miji mikubwa na wageni ni wachache, kwa hiyo utalii peke yake hautatosha. Lakini kanuni ni ile ile, kwamba anayeijua njia ya mafunjo ndiye mlinzi bora kuliko wote.

KAZI YA SHULE

Walimu wa jiografia, bayolojia na kilimo wanaweza kulifundisha somo hili kwa vitendo, bila ya gharama kubwa.

Tengenezeni masanduku mawili ya mbao yenye ukubwa sawa, yaliyo wazi upande mmoja. Jazeni yote mawili udongo wa mahali pamoja. Katika la kwanza acheni udongo mtupu. Katika la pili pandeni nyasi na kuufunika udongo kwa majani makavu. Yainamisheni kwa mteremko sawa, mwagieni kila moja maji ya kopo lililotobolewa matundu, kwa kiasi sawa, na kingeni maji yatokayo. Pimeni ni muda gani maji yamechukua kutoka, ni kiasi gani, na tope gani limebaki chini ya chombo baada ya kutulia.

Shule iliyo karibu na mto au bwawa yaweza kupima tope. Fungeni kamba yenye alama za sentimita kwenye sahani nyeupe yenye uzito, izamisheni, na andikeni kina ambacho sahani huacha kuonekana. Fanyeni hivyo kila wiki mwaka mzima, na wekeni pamoja vipimo vya mvua. Baada ya miaka michache shule itakuwa na kumbukumbu yenye thamani ya kisayansi, ambayo maofisa wa maji na misitu watapenda kuiona. Mwalimu ahakikishe kwanza kwamba mahali pa kupimia pana usalama, kwa kuwa mamba na viboko wangaliko.

Wanafunzi wa jiografia wachore ramani ya maji yao wenyewe: kutoka uwanja wa shule hadi kijito cha kwanza, kutoka kijito hadi mto, na kutoka mto hadi kinamasi. Wengi watashangaa kuona kwamba mstari wao unaishia penye mafunjo ya Malagarasi.

Asitokee mwanafunzi wa kwenda kutafuta viota. Ndege huyu husaidiwa zaidi akiachwa peke yake. Kazi yetu iko huku juu, kwenye mashamba, mabani, mizinga na mbuga, ambako maji yake huanzia. Na msimu wa kuotesha miche huanza kabla ya mvua za Novemba.